Mwaka wa Nyonga ya Sajini

Siku ya tatu ya msiba wa Shangazi Zena nilikaa ukumbini kwake, Ujiji, nimebanwa kati ya jirani mmoja mnene na sufuria la wali, nasikiliza watu wanavyomsifu. Mmoja akasema mtaa ule hakuna mwanamke aliyezaa asikandwe na mikono ya Zena. Mwingine akasema dagaa wake hawakuwa na mchanga, na kwa mfanyabiashara wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hiyo ni sawa na kusema hajawahi kudanganya mtu. Wote wakaitikia, wengine wakajifuta macho kwa ncha za khanga. Mimi nikawa nasubiri. Nilisubiri mtu mmoja tu ataje mbwa, na hakuna aliyemtaja, hata wale walioona kwa macho yao pale ziwani. Nadhani waliona ni kumvunjia heshima marehemu, mama wa swala tano, kumtia mbwa katika habari zake. Nikavumilia mpaka sahani zikakusanywa, halafu nikashindwa, maana subira sikujaliwa. Nikatoka uani nikakaa peke yangu pale kwenye kibanda cha kuni, ambacho mwaka ule kilikuwa hospitali.

Sitawachosha na mambo ya ukoo wetu, nani kamzaa nani na kwa nini nililetwa kwa shangazi. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kwetu mtu anayesubiri matokeo hupelekwa mahali penye kazi, na yakitoka anaachwa huko huko. Nyumba ya shangazi ilikuwa ndefu, vyumba huku na huku, ukumbi katikati mrefu kama uchochoro. Chumba cha mbele alipanga Kaka Elia, kijana wa serikali aliyehamishiwa Kigoma kutoka upande wa Arusha. Mstaarabu, anasalimia mpaka watoto. Siku moja akaingia na boksi kubwa lililoandikwa televisheni, akapita nalo ukumbini kimya kimya. Jioni shangazi alikuwa anachambua mchele. Akainua kichwa, akasikiliza, akasema bila haraka, "Elia mwanangu, televisheni yako inalia."

Hivyo ndivyo Sajini alivyoingia kwenye nyumba ya Kiislamu. Alikuwa jike, mbwa wa kizungu, masikio yamesimama, makucha makubwa kuliko mwili. Shangazi hakumfukuza. Mpangaji mzuri haokotwi njiani. Ila alitoa masharti yake pale pale, huku Elia kasimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Mbwa ni wa uani, ukumbini haingii. Chombo chake ni chake. Mate yake yakigusa chombo cha watu, au mkono wa mtu, kinaoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo safi. Akaweka kopo la udongo karibu na bomba. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula wakati Elia yuko kazini, kwa hiyo mimi na lile kopo tukafahamiana sana.

Elia alimlisha kama anayefuga ng'ombe wa mnada. Ugali wa muhogo, vichwa vya samaki wetu wa ziwani, migebuka, maziwa. Alisema mbwa wa ulinzi lazima awe na mwili. Sajini akakua haraka, haraka mno, na kabla hajamaliza mwaka nikaanza kuona mambo. Akikimbia, miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura. Akikaa, mguu mmoja anautupa pembeni kama mama aliyechoka mkekani. Kuna asubuhi nilimwita akainuka mbele, nyuma kukabaki chini, akanitazama kama vile mimi ndiye nimemshikilia. Ukutani, upande wa pili, majirani walishamaliza kesi.

"Kapigwa jiwe huyo."

"Jiwe gani, karogwa. Mbwa wa mtu wa ofisini asirogwe?"

"Sasa nani apoteze dawa yake kwa mbwa, na sisi tupo?"

Wakacheka. Mimi sikucheka, nilimwambia Elia alete daktari siku hiyo hiyo.

Daktari Editha alikuwa daktari wa mifugo, dada mrefu wa Iringa, mabuti ya mpira miguuni, kazi yake kubwa ng'ombe na mbuzi wa huko juu Mwandiga. Alimlaza Sajini ubavu, akashika paja, akalizungusha taratibu. Nikasikia ko, kama mtu amegonga meza kwa kidole. Akarudia. Ko. Baadaye wakampeleka kupigwa picha, na Daktari akaileta ile picha akaishika kwenye mwanga wa dirisha la Elia. Shangazi akasimama mlangoni na ungo wake, anajifanya anapepeta.

"Mnajua kinu na mchi?" Daktari akauliza.

"Huku nani asiyejua," shangazi akajibu.

"Basi nyonga ndivyo ilivyo. Mfupa wa paja una kichwa, ndio mchi. Unakaa ndani ya kinu. Huyu kinu chake hakina shimo, ni kama sahani. Akikanyaga, mchi unateleza nje. Pande zote mbili, ila huu wa kushoto umezidi."

"Nani kamfanya hivyo?"

"Hakuna, mama. Kazaliwa nacho, mbwa wa aina hii wengi wanacho. Kulishwa akanenepa upesi kukaongeza."

Elia akatazama viatu vyake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo utachonga kinu?"

"Wapo wanaoweza, nje huko. Mimi nitakata mchi. Kile kichwa chote cha mfupa, nakitoa."

"Halafu unaweka nini?"

"Siweki kitu."

Nakumbuka ungo ulivyonyamaza. Mimi nilikuwa nimeshafanya mtihani wa baiolojia, kiungo cha nyonga nilikichora vizuri na mishale yake yote, na sasa mtu mwenye akili timamu ananiambia atakiondoa kiungo na mnyama atembee. Nikadhani sijamsikia. Akaeleza tena, polepole. Nyama na kovu vitashika pale. Mfupa utaning'inia kwenye nyama, hautakwaruzana na kitu, na maumivu yataisha. Ila mguu lazima utumike mapema. Ukilala, kovu linakauka vibaya, mguu unakuwa gogo. Shangazi alimwita Mungu kwa Kiha, "Mana yanje," akasema, "Yaani unamharibu ili apone."

"Ndio hivyo, mama."

Operesheni ilifanyika chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo, barabara ya kwenda Mwandiga, kati ya magunia ya chakula cha kuku na harufu ya dawa ya kupe. Elia alisema atakuwepo. Kisu kilipogusa ngozi tu akaomba kutoka nje kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita. Nikabaki mimi, nimeshika chupa ya maji juu, mkono umekufa ganzi. Nilitegemea Daktari awe kimya kama mtu anayeswali. Kumbe akifanya kazi anaongea. Ameshika patasi na nyundo ndogo, anagonga mfupa wa kiumbe aliye hai, huku ananiuliza, "Hivi migebuka nyinyi mnaipika na nyanya, au mawese matupu?" Nikajibu nyanya kidogo. Akagonga tena. Kitu kikadondoka kwenye bakuli la chuma, kikazunguka, kikatulia. Kilikuwa cha duara kama gololi kubwa, upande mmoja umelika, umekwaruka kama kisigino cha mtu anayelima. Nilikitazama nikasahau chupa, akaniambia niinue mkono. Mpaka leo, nikisikia watu wanasema daktari fulani amemtengeneza mtu, mimi nasikia ile sauti ya bakuli.

Tulimrudisha kwa pikapu, tumemlaza juu ya chanja ya zamani ya kukaushia samaki. Shangazi mwenyewe alitoa kuni kwenye kibanda, akatandika magunia, akaagiza barafu kwa wanaofungasha migebuka ili tumkande uvimbe. Hakumgusa. Alisimama mlangoni akielekeza kwa kidole. Na kidonda hakijakauka, Elia akaitwa Dodoma kwenye mafunzo ya miezi kadhaa. Asubuhi ya kuondoka alinivuta pembeni, begi liko begani.

"Ashura, asipotembea, Daktari amalize."

"Amalize nini?"

"Wewe si mtoto. Sitaki ateseke, na sitaki shangazi yako abaki na mzigo wa watu. Nimeshaongea na Daktari."

Akampapasa Sajini kichwani, akaenda. Nilibaki nimesimama na sahani ya mbwa mkononi. Jana yake tu nilikuwa naona tatizo ni kidonda. Sasa tatizo lilikuwa uhai.

Basi nikaanza kazi. Kila siku nakunja mguu, nakunjua, nakunja, kama Daktari alivyonionyesha. Sajini anaguna, anageuza shingo, anashika mkono wangu kwa meno bila kuuma, halafu mimi huyo kwenye kopo la udongo. Nyuzi zikatolewa. Akaanza kugusa chini kwa ncha ya kidole. Wakati huo huo nikaitwa Kasulu kwenye harusi ya dada, na harusi ya dada huwezi kuikataa kwa sababu ya mbwa. Nilimwomba shangazi jambo moja, kijana wa jirani amtembeze Sajini uani kwa kamba, asubuhi na jioni. Shangazi akasema, "Nenda. Mimi nimelea viumbe wengi kabla yako."

Nilirudi nikamkuta amechangamka kuliko kawaida. Hata hina yangu hakuitazama. "Nenda kamwone mgonjwa wako," akasema. "Ametulia kweli."

Ametulia. Mguu mzima, kuanzia juu pajani mpaka kwenye kucha, ulikuwa umebanwa kwa vijiti vya mchikichi vilivyochongwa vizuri, vimezungushiwa vitambaa, fundo juu ya fundo. Kazi safi. Niliijua mara moja ni ya Mzee Ramadhani, fundi wa mifupa, aliyewafunga nusu ya wanaume waliowahi kuanguka kutoka kwenye michikichi upande wetu, na karibu wote walirudi kupanda. Sajini alinipigia mkia. Nyuma hakusogea. Nilikaa chini kwenye magunia.

"Mzee alikataa mara mbili," shangazi akaendelea, nyuma yangu, kwa fahari. "Nikamwambia ni roho hii. Akavaa magunia mikononi. Tangu amefungwa hajalia hata kidogo."

"Shangazi, Daktari alisema asogezwe."

"Daktari ni mtoto. Mfupa ukikatwa hausogezwi. Wewe umeona wapi mtu kavunjika anafungwa kamba shingoni atembezwe uani?"

Nilitaka kupiga kelele na sikuweza, maana kwa yote aliyowahi kuona kwa macho yake alikuwa na haki. Aliona kijana wa jirani anamburuta mnyama mgonjwa. Akamhurumia. Alikwenda kwa fundi bora anayemjua, akajishusha mbele ya mzee wa watu kwa ajili ya mbwa ambaye hata hamgusi. Nimefikiria jambo hili miaka yote hii, na bado sijui ningesema nini. Mtu akikosea kwa uvivu unajua pa kumshika. Akikosea kwa huruma, unamshika wapi?

Daktari alikuja, akakata vile vitambaa. Akajaribu kukunja mguu. Haukukunjika. Nyama ya paja ilikuwa imekwisha, mfupa unaonekana chini ya ngozi kama fito. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama," akasema, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "huyu hakuwa na mfupa wa kuunga. Mimi nilitaka pale pasiunge."

Shangazi alisimama na mkono mdomoni. "Kwa hiyo nimemlemaza."

"Sijui bado. Nyinyi mnaanza kufunga kesho kutwa. Nitakuja baada ya Idi. Nikimkuta hivi hivi, nitakuja na sindano. Kumwacha hivi ni kumtesa, na ule mguu wa pili hautabeba peke yake."

Jioni ile hakuna aliyekula vizuri. Nilimsikia shangazi jikoni akimwambia jirani yake, sauti chini, "Nimefunga mguu wa kiumbe kama nafunga mzigo wa kuni." Jirani akasema ni mbwa tu. Shangazi akasema, "Najua ni mbwa. Mimi mguu ndio nauzungumza."

Mfungo ukaanza. Siku ya pili, baada ya alasiri, nilikuwa kibandani nahangaika na ule mguu, nikaona kivuli mlangoni. Shangazi amevaa glovu alizoomba kwa Daktari, khanga imefungwa kifuani, ndoo ya maji moto mkono mmoja, chupa ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mkono mwingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa akienda kwa wazazi, kuwakanda baada ya kujifungua. Sikuwahi kudhani nitamwona hivyo pale.

"Shika kichwa," akasema. "Huku nyuma ni kwangu."

"Shangazi, umefunga."

"Nani kakuambia kukanda kunafunguza?"

Akapiga magoti. Akaloweka kitambaa, akakamua, akakilaza pajani. Halafu akaanza kwa vidole gumba, kuanzia mgongoni kushuka, pale pale kwenye kovu, polepole halafu kwa nguvu. Sajini alilia. Shangazi hakuacha. Akawa anaongea naye kwa sauti ile ile anayowasemesha wanawake wenye maumivu. "Legea, mama. Usinikazie. Aliyekukaza ni mimi, na mimi ndiye nitakulegeza." Alipomaliza alivua glovu, akaenda kwenye kopo la udongo, akaosha mara saba ingawa glovu haikutoboka. Kila siku hivyo. Ngozi ya mikono yake ikapasuka kwa kuosha, na akiwa anasonga ugali wa futari nilimwona anavyokunja uso.

Daktari akasema kwenye simu, kama anaanza kulegea, mpelekeni majini, maji yanabeba uzito. Basi tukawa tunakwenda ziwani, mimi mbele na kamba, shangazi nyuma, khanga kuukuu imepita chini ya tumbo la Sajini kama machela. Mwaloni watu hawana dogo. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akauliza, "Bi Zena, mnambatiza au mnamsilimisha?"

"Namfundisha kuogelea," shangazi akamjibu, "aje kukuvua wewe ukizama."

Wakamcheka yeye. Lakini nilimjua shangazi yangu, masikio yalikuwa yamemwaka moto. Mimi niliingia maji ya kifua, namshika Sajini, natazama chini, maana maji ya kwetu ni meupe na unaona mpaka kokoto. Miguu mitatu inapiga. Wa nne unafuata kama kamba. Siku baada ya siku, unafuata kama kamba. Kuna mara nilidhani umekunjika kidogo, nikamwambia shangazi, akasema ni wimbi. Na nchi kavu hakukuwa na mabadiliko, anaruka kwa mitatu. Idi ikafika. Nilikula pilau sikuisikia ladha.

Daktari hakutukuta nyumbani, akatufuata ziwani na begi lake. Mimi na Sajini tulikuwa tumetoka majini. Shangazi alikuwa juu kidogo, anageuza dagaa wake juu ya nyavu zilizotandikwa, pamoja na wanawake wengine. Daktari akaniambia nimtembeze. Nikamtembeza. Mitatu. Nikageuka, mitatu. Daktari akavua miwani, akaifuta kwa gauni.

"Ashura, mimi naona tumejaribu."

"Niongezee wiki moja."

"Wiki ya nini? Mwangalie anavyohema. Kaka Elia aliniambia..."

"Kaka Elia hayupo. Hajaingia maji haya hata siku moja." Nilikuwa nalia na sikutaka kuliona begi lile mbele yangu, kwa hiyo nikamgeuzia mgongo, nikaanza kumweleza, kwa mikono yote miwili, kila kitu shangazi alichofanya. Mikono yote miwili. Kamba nilishaiachia, na sikujua.

Daktari akawa hanisikilizi tena. Anatazama nyuma yangu, mdomo wazi. Nikageuka. Sajini alikuwa anapanda mchanga kuelekea kwenye dagaa. Nyonga inayumba, mgongo umepinda, mwendo mbaya kama wa mlevi, lakini mguu wa kushoto unashuka, unakanyaga, unasukuma, unashuka tena, unyayo wote, na alama zake ziko kwenye mchanga ule mbichi, nne, nne, nne. Nikatafuta kamba. Nilibaki nimeshika hewa. Akafika, akatumbukiza pua katikati ya dagaa waliotandazwa, akaanza kula.

Wanawake wakainuka na mifagio. Dagaa aliyeguswa na mbwa, pale Ujiji hanunuliwi na mtu. "Mbwa wa nani huyu?" wakawa wanauliza, japokuwa wote walijua, maana mwaka mzima shangazi aliulizwa swali hilo na mwaka mzima jibu lake lilikuwa moja, wa mpangaji. Mmoja akamwinulia ufagio. Shangazi akaja kutoka mwisho wa mstari, hakukimbia, akasimama kati ya ufagio na Sajini. Akautazama ule mguu kwa muda mrefu.

"Wa kwangu," akasema. "Na dagaa hao ni wangu. Msimfukuze kwa mbio, ndiyo kwanza anaanza."